Upepo Hauna Sabato

Ndugu yangu alipopata kazi kule pwani, kwenye minara sita ya upepo inayozalisha umeme, watu wa kwetu Ekerenyo walitucheka. Shamba la upepo! Hupandi, hupalilii, huvuni, sasa hilo nalo ni shamba? Niliwajibu kwa ukali, maana tulizaliwa wawili tu na mama alishatutoka, na mtu akimchezea mdogo wangu mimi simwachi. Baba hakucheka. Yeye aliuliza neno moja tu: Jumamosi je?

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa, siku ya maandalio, kuni ziliingizwa ndani, chakula kikapikwa, na kabla jua halijazama nilizima kabambe yetu, ile simu ndogo ya vibonye, nikaifungia kabatini. Haikuwashwa mpaka Jumamosi jioni, tukishafunga Sabato. Sasa ona balaa: kule kwenye minara mtandao haukufika. Gari la kazini liliwashusha wafanyakazi mjini, penye mtandao, mara moja kwa wiki, nayo ilikuwa Jumamosi mchana.

Alipokuja likizo, baba alimtaka aombe siku nyingine. Ndugu yangu akasema ameomba, amekataliwa. Kisha, kwa ujinga wa ujana, akaongeza kwamba upepo hauna Sabato. Baba aliacha ugali wake pale pale mezani, akatoka nje.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kila Jumamosi jioni niliwasha simu nikamsomea baba salamu za mwanawe, naye akaitikia kwa kichwa tu, akachukua tochi akaenda kukagua majani chai yake. Vichwa vigumu wote wawili! Nilichoka nao, lakini nilijua kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Mwaka jana kifua kilimlemea baba. Hospitali ilimrudisha nyumbani tumwuguze, na maana yake sote tuliielewa. Niliacha kibanda changu cha kushona nguo Keroka, nilikoshinda siku za wiki, nikakaa nyumbani kumwosha na kumlisha. Jumamosi moja shangazi na majirani walienda kanisani, nikabaki naye peke yangu. Yapata saa saba alifumbua macho.

"Washa simu," akasema.

Nilidhani ananijaribu. Huyu ndiye aliyenipigisha magoti nikiwa darasa la sita, eti nimepiga sare pasi siku ya Bwana.

"Tata, ni Sabato," nikamwambia. "Jua halijazama."

"Najua ni siku gani."

Alinitazama akingoja niinuke. Sikuinuka. Nitasema ukweli, kwani namficha nani? Nilikuwa na hasira. Sheria zake zote nilizishika mimi, miaka yote hiyo, halafu aliyekwenda zake ndiye avunjiwe Sabato? Nikamwambia apumzike, jioni si mbali, wataongea. Aligeuka akatazama ukuta, nami nikaenda jikoni kumpashia uji.

Saa kumi alikata roho. Uji ulikuwa bado umejaa kikombeni.

Shangazi na wenzake walirudi wakanikuta nimeketi tu. Walilia, wakaomba, na jua lilipozama nikalifungua kabati, nikaiwasha simu. Nilikuta ujumbe wa ndugu yangu: wamemruhusu abaki mjini mpaka jioni, atajaribu tena na tena, labda leo Mungu atasaidia. Sijamaliza kuusoma, simu ikalia mkononi. Alishangaa nilivyopokea haraka. Akauliza kama baba yu macho. Jamani, sijui nilimwambiaje. Nakumbuka tu kwamba nyuma yake nilisikia watu wakicheka sokoni.

Tulimzika baba kando ya mama, karibu na migomba. Watu walipotawanyika, ndugu yangu alikuja nilipokuwa nikisuuza sufuria, akachukua moja tusuuze pamoja. Aliniuliza, bila kunitazama, kama baba alimtaja siku ile ya mwisho, hata kwa jina tu.

Nilifungua kinywa. Neno lenyewe, washa simu, lilikuwa fupi, ningelisema mara moja na likaisha. Lakini nikamwona atakavyonigeukia akiniuliza kwa nini basi sikuiwasha.

"Hakusema kitu," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kama baba, akaendelea kusuuza. Kesho yake alirudi pwani akiamini baba yetu alikufa hajamsamehe.