Machozi ya Mama kwa Shahidi

Juzi, kanisani katika mji wa Plano, niliwaona watoto wakiigiza kesi ya shahidi wa imani mbele ya liwali wa Kirumi, nikakumbuka mchezo wetu wa utotoni kule mji wa Irving. Dada yangu Neema alikuwa shahidi, mimi askari mwenye kofia ya boksi iliyonuka gundi.

“Utamkana Kristo?” liwali aliuliza.

“Siwezi,” Neema alijibu taratibu. “Mimi ni Mkristo.”

Nilipokuwa nampeleka kuuawa, nilimwona mama akilia. Nikaona wivu. Mimi hakuwahi kunililia hivyo.

Garini nikamwambia, “Mwakani nataka kufa mimi.”

Mama aliegesha gari kando ya barabara, akanikumbatia kwa nguvu. Sikujua kwamba madaktari walikuwa wamemwambia mama kwamba Neema ana saratani ya damu. Nilidhani tu kwamba hatimaye nimemshinda dada.