Jailos Asiyechapa Mtoto

“Mimi Jailos Kalinga, tangu nianze kufundisha watoto mpira, sijamgusa mtoto hata kofi! Watoto wangu nawanyoosha kwa mdomo tu!”

Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku ya bonanza la klabu ya Msonobari Chipukizi, hapo Mafinga, mbele ya mchungaji, diwani, na wazazi waliofuata soda. Watu wakapiga makofi. Na kusema haki, hakudanganya. Makocha wengine walikuja mazoezini na kipande cha mpira wa bomba, wakakiita “msaidizi”. Jailos alikuja na filimbi, na penseli ya useremala nyuma ya sikio. Wazazi waliwahamisha watoto kutoka timu nyingine na kumletea yeye, kwa sababu kwake mtoto alirudi nyumbani bila alama mgongoni.

Lakini mdomo! Mdomo wa Jailos ulikuwa msumeno usio na swichi ya kuzimia. Mwenye kichwa kikubwa aliitwa Tenki. Mzito wa mbio aliitwa Lori la Magogo. Watoto walicheka mpaka zamu yao ilipofika, na ilipofika wakacheka vilevile, maana asiyecheka alipewa jina la pili.

Tumpe aliletwa uwanjani na mama yake mdogo, Eveline, aliyekuwa akiwapikia wapakiaji wa mbao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, mikono kama ya kuazima. Mama yake mzazi alikuwa ameolewa tena, huko Tunduma, na mume mpya hakutaka mzigo unaokula ugali. Ndiyo maana mtoto alikuwa Mafinga. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja, kama kawaida yetu.

Siku hiyohiyo ya kwanza Tumpe alidaka shuti la mvulana mkubwa kwa mkono mmoja, miguuni akiwa na ndala. Jailos akapuliza filimbi bila sababu.

“We mtoto, umetoka wapi?”

“Mbeya, Kocha.”

“Mnyakyusa?”

“Ndiyo, Kocha.”

“Basi mtani wangu wewe! Kuanzia leo unaitwa Banzi.”

Eveline akadakia kutoka pembeni, “Baba, Wahehe na Wanyakyusa wameanza utani lini?”

“Tangu basi la kwanza la Mbeya lilipopata pancha Mafinga.”

Uwanja mzima ulicheka. Eveline alicheka. Tumpe naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kama anayesubiri kwanza aone wenzake wamechekea nini.

Sasa, Mafinga hakuna asiyejua banzi. Gogo likipita kwenye msumeno, kile kipande cha kwanza chenye magamba kinachokatwa na kutupwa pembeni ndicho banzi. Mbao nzuri hupanda lori kwenda mjini, banzi hubaki. Kichwani mwa Jailos lile jina lilikuwa sifa. Yeye ni fundi, anajua kwamba bustani zote za mji ule zimezungushiwa mabanzi, na kwamba ng'ombe akifika penye banzi anageuza. Golikipa ni nini kama si uzio? Tatizo ni kwamba hayo hakumwambia Tumpe. Alimwachia jina tupu, mtoto akalijazia maana mwenyewe, na maana aliyokuwa nayo karibu ni moja: kilichokatwa kikatupwa pembeni.

Wakaenda hivyo msimu mzima, na tungeapa kwamba hapakuwa na watu wawili waliopendana zaidi uwanjani pale. Tumpe alifika mapema kuliko wote, akavunja tawi, akafagia sindano za misonobari golini ili zisimchome akiruka. Kisha akachungulia kwenye karakana ya Jailos iliyo nyuma ya uwanja.

“Shikamoo, Kocha. Leo nitafungwa ngapi?”

“Marahaba. Ukifungwa hata moja unarudi Mbeya kwa miguu.”

“Basi sirudi.”

Jailos, ambaye mke wake alikuwa amekwisha rudi kwao Idodi, na nyumbani hakuna wa kumwamkia zaidi ya kuku, aliisubiri shikamoo ile kuliko chai.

Ikaja mechi na timu ya watoto kutoka Iringa mjini. Baridi ya Julai, ukungu mpaka magotini, timu zimefungana bao moja kwa moja. Mwishoni mwishoni ukaja mpira mwepesi, wa kudakwa na bibi. Ukampita Tumpe katikati ya miguu.

Mdomo wa Jailos ulifika kabla ya akili yake.

“Banzi wewe! Ndiyo maana hata mama yako alikutupa pembeni!”

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kama jenereta iliyoishiwa mafuta. Tumpe akavua glavu. Akaziweka kwenye mstari wa goli, sambamba, kama viatu mlangoni kwa watu, akaondoka kupitia nyuma ya nyavu. Mpira ulikuwa umeshaanzwa tena. Mshambuliaji wa Iringa akaupata, akatazama goli likiwa wazi, akatazama glavu, akaupiga mpira nje kwa makusudi. Huyo hakuwa amehudhuria semina yoyote ya kulea watoto.

Jioni Matilda, mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa watoto wa klabu, alimkuta Jailos karakanani akiranda ubao uliokwisha randwa.

“Kamwene, Jailos,” alimsalimia kwa Kihehe.

“Kamwene, Mwalimu. Najua ulichokuja kusema. Nilimchapa?”

“Hukumchapa.”

“Nilimshika vibaya?”

“Hukumshika.”

“Sasa?”

“Ungemchapa ningejua pa kupaka dawa.”

“Mwalimu, ule ni utani! Sisi ni watani!”

“Mtani ni mtu anayeweza kukurudishia,” Matilda alisema. “Yule angekurudishia nini? Angekwambia hata mkeo amekimbia huo mdomo?”

Randa ikasimama.

“Umeona? Mimi mtu mzima mwenzako, nimekujibu, na imekuingia. Tumpe kila siku anaanza na shikamoo. Mtu anayekuamkia shikamoo hawezi kuwa mtani wako, Jailos. Umekuwa ukipiga mtu aliyefungwa mikono.”

Klabu ikamsimamisha hadi ahudhurie mafunzo ya makocha wa watoto, Iringa mjini. Kabla ya kwenda alipita kwa Eveline, kofia mkononi. Eveline hakumkaribisha ndani.

“Nimempeleka kwa kaka yangu, Uyole, kule Mbeya. Amekataa kabisa kukaa Mafinga.”

“Kwa sababu yangu, mama?”

“Yako na yangu. Siku ile ya jina, na mimi nilicheka.”

Kwenye mafunzo, ukumbi wa kanisa, mkufunzi aliuliza: mtoto akikosea mbele ya watu, kocha aseme nini? Mikono ikanyooka. Jailos alikaa kimya siku nzima. Habari ya kimya kile ilitangulia kufika Mafinga kuliko yeye mwenyewe, na wengi hawakuiamini.

Aliporudi uwanjani aliwaita watoto kwa majina yao ya ubatizo, akibabaika, maana mengine alikuwa hayajui. Tenki aligeuka kuwa Abrahamu. Watoto wakaanza kunong'onezana kwamba Kocha anaumwa. Mmoja alimletea limao.

Golini sasa alisimama mvulana mzuri tu, mwenye juhudi, aliyefika muda uleule na wenzake. Sindano za misonobari zilijaa. Basi Jailos akawa anakuja mapema, anavunja tawi, anafagia mwenyewe, polepole, mgongo kwa karakana, akiacha mlango wazi. Upepo ukiugusa mlango, anageuka. Akienda stendi kupokea vitasa na gundi, macho yanakwenda kwa kila msichana mrefu anayeshuka basi la Mbeya. Akimwona si yeye, anamwangalia dereva kwa hasira, kana kwamba amesahau kushusha abiria. Usiku anatunga maneno. Alikuwa na maneno mazuri sasa, yamerandwa, yamepigwa msasa: kwamba banzi ni uzio, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ubao mbovu. Maneno yote hayo na hakuna sikio la kuyatia.

Msimu ulipoanza tena alivaa shati la kanisani, akapanda basi la Mbeya asubuhi.

Uyole alielekezwa hadi kwenye uwanja uliozungushiwa kamba. Upande mmoja palikuwa na jukwaa dogo. Kwenye kamba alisimama Sifaeli, mama mnene mwenye fulana ya mlezi, akamnyooshea mkono wa kusimamisha gari.

“Baba, una mtoto humu?”

“Sina. Ninaye... Tumpe, golikipa. Nilikuwa kocha wake, Mafinga. Nataka kumsalimia tu, dakika moja.”

“Ahaa. Mtu mzima asiye na mtoto hapa havuki kamba. Na mtoto hasalimiwi mpaka aulizwe kama anataka.”

Jailos wa zamani angemjibu kitu kuhusu unene na kamba. Kilimfika mpaka kwenye meno, akakimeza.

“Muulize, mama. Mwambie ni Jailos Kalinga. Mwambie nimekuja kuomba msamaha, si kumrudisha.”

Sifaeli akaenda. Jailos alimwona Tumpe kwa mbali, ameongezeka urefu, glavu mpya, akiinama kusikiliza. Mtoto aligeuza uso kuelekea kamba. Walitazamana, au Jailos alidhani wametazamana; jua lilikuwa upande wake. Yale maneno yaliyopigwa msasa yakajipanga ulimini, tayari kabisa.

Sifaeli akarudi taratibu.

“Amesema hapana.”

“Hapana?”

“Hataki kuongea. Amesema msamaha nikauchukue mimi, atausikia kwangu siku akitaka.” Akamtazama yule mzee na shati lake la kanisani. “Ila nilimuuliza, je, Kocha aondoke? Akasema, kutazama anaweza kutazama. Mradi asipige kelele.”

Jailos akamwambia Sifaeli yale ya uzio, lakini yalimtoka mafupi, bila mapambo, na kwa haraka, kwa kuwa refa alikuwa ameshapuliza. Sifaeli akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha njia ya kwenda jukwaani.

Kipindi cha pili Tumpe alisogea mno mbele ya goli. Jailos aliliona kosa kabla halijatokea, kama fundi anavyoona ufa kwenye ubao. Akashika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mpira ukapaa juu ya kichwa cha mtoto, ukaingia. Kocha wao akapiga makofi, akasema, “Haya Tumpe, unaofuata!” Tumpe akautoa mpira nyavuni, akaupiga katikati, akarudi kusimama golini.

Kiingilio cha jukwaani, kwa mtu mzima, ni shilingi elfu mbili; Jailos alikilipa ili atazame tu.