Umepita Lini?

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo mpaka leo mvua ikianza kupiga bati hunijia yote, tangu nilipoketi hadi niliposimama. Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya mitandao, uliyekabidhiwa nywila ya seva na ufunguo wa ofisi. Nataka uogope kidogo. Sisemi ule woga wa kukufanya mikono isifanye kazi. Huo nilikuwa nao mimi siku ile, na haukunisaidia. Nasema ule wa kukufanya uulize kabla hujaamini.

Nilizaliwa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Kwetu mgeni hutambulika kwa swali lake. Mgeni huuliza, "Njia ya kwenda mtoni ni ipi?" Mwenyeji huuliza, "Umepita lini?" Mto wetu hauna adabu. Unakula ukingo huku, unahamia kule, na njia uliyoipita wiki iliyopita ukienda kwenye mpunga, leo ina maji ya kifua, au kiboko amelala katikati yake. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayetoka bondeni, salamu zikiisha unamwuliza: umepita lini? Akisema sasa hivi, unakwenda. Akisema juzi, unamshukuru na kutafuta mwingine wa kumwuliza. Nilikua nikidhani dunia nzima huulizana hivyo.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi Mtwara mjini, katika ofisi ndogo mtaa wa Chuno. Mwenye ofisi alikuwa Fundi Yusufali, mtu wa Mikindani. Ndugu zake wote waliuza vitambaa na vyombo, yeye peke yake akaangukia kompyuta, na nyumbani kwao walimtania kwamba anauza hewa. Kazi yetu ilikuwa kuziunganisha zahanati za vijijini na mji kwa redio, mnara kwa mnara. Simu za mkononi zilikuwapo, lakini kule bondeni ilibidi upande mti ndipo usikike. Nesi akihitaji gari la wagonjwa, aliandika ujumbe kwenye kompyuta ya zahanati, ukafika kwenye seva yetu, nasi tukamtafuta dereva na kumjibu nesi.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi, maana ndilo lililotaka kuniulia ndugu yangu.

Ndani kabisa ya seva, kwenye kiini cha mfumo endeshi, kuna jedwali la njia. Hapo ndipo unapoiandikia mashine: ujumbe wa kijiji hiki upitishe mnara huu, wa kijiji kile upitishe mnara ule. Lakini kiini hakipendi kusoma jedwali zima kwa kila kipande cha ujumbe. Kikishapata njia ya mahali fulani, huliweka jibu kando, kwenye kumbukumbu ya karibu, ili mara nyingine kisitafute tena. Na zaidi ya hapo, mashine jirani inaweza kukinong'oneza: ya Mahurunga usinipitie mimi, pitia mnara wa kilimani, ni karibu zaidi. Neno hilo kiini hulitunza kwenye kumbukumbu ile ile, si kwenye jedwali. Ni utaratibu mzuri. Bila huo, seva dhaifu za siku zile zingelemewa.

Siku ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na radi ilikuwa imeupiga mnara wa kilimani. Asubuhi Fundi Yusufali alibadilisha jedwali kwa mkono wake: Mahurunga sasa ipitie mnara wa shuleni. Akalitazama tena, akaridhika, akachukua mwavuli na kwenda Mikindani kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Nikabaki peke yangu.

Mchana ujumbe ukaingia kutoka Mahurunga. Aliyeuandika alikuwa Nesi Anjela, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kule, mkali na mchapakazi. "Mgonjwa Somoe, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Naomba gari haraka."

Somoe ni mdogo wangu, tumbo moja.

Nikampigia dereva. Gari lilikuwa Madimba, miaka ile kabla mitambo ya gesi haijajengwa. Akaniambia, "Dada, nageuza sasa hivi. Lakini napita njia ya juu. Ya bondeni kalvati limekatika, nimeona pikapu ya watu imening'inia pale. Waambie wasitoke hapo zahanati. Wakijaribu kunifuata kwa bondeni watakwenda na maji."

"Nawaandikia, kaka."

Nikaandika: "Msitoke. Kalvati la bondeni limekatika. Gari linakuja kwa njia ya juu." Nikatuma. Nikashusha pumzi.

Haukupita muda ujumbe mwingine ukaingia. "Mtwara, mnanisikia? Naomba gari."

Nikatuma tena maneno yale yale. Ukaja mwingine: "Mtwara, mbona kimya?" Nikatuma tena. Taa za mitambo yote zilikuwa za kijani, zinapepesa kama kawaida. Nikapiga simu ya nesi, haipatikani. Nikapiga ya mwenyekiti wa kijiji, haipatikani. Kisha likaja hili, ambalo naweza kukusomea hata nikiwa usingizini: "Kuna trekta hapa. Dereva anasema njia ya bondeni anaijua. Msipojibu nampakia mgonjwa kwenye tela."

Mwanangu, nilituma kama mtu anayepiga kelele kisimani. Nilifungua jedwali la njia, nikalisoma kwa kidole: Mahurunga, mnara wa shuleni. Sawa. Nikalisoma tena. Sawa. Kila mahali nilipojua kutazama palikuwa sawa, na dada yangu alikuwa anapandishwa kwenye tela. Sijawahi kuogopa kitu kama kile. Kosa ukiliona, hata likiwa kubwa, unajua pa kulishika. Lile halikuwa na pa kushika. Nikarudi kufanya nilichokijua: kutuma, kutuma, kutuma.

Mlango ukafunguliwa, Fundi Yusufali akaingia, suruali imelowa hadi magotini.

"Binti, mbona unaipiga hiyo kibodi kama unatwanga kisamvu?"

"Fundi, Mahurunga hawatusikii. Sisi tunawasikia, wao hawatusikii. Somoe yuko kule, Fundi, mdogo wangu. Wanataka kumpitisha bondeni, na kalvati limekatika. Jedwali liko sawa, nimelisoma mpaka macho yanauma."

Tabasamu likamtoka usoni. "Jedwali ni ulichoiambia mashine. Umeiuliza yenyewe inapita wapi?"

Nikaligeukia jedwali tena.

"Iulize."

Ipo amri ya kukiuliza kiini: ujumbe wa mahali fulani, wewe hasa unaupitisha wapi? Nikaiandika, vidole vinakosea herufi. Jibu likatoka: mnara wa kilimani.

"Ule wa radi," nikasema. "Lakini taa yake inawaka, Fundi, tazama."

"Upande unaotutazama sisi ndio unaowaka. Unapokea kila neno letu vizuri kabisa, halafu wa kulipeleka mbele hayupo."

Ndipo nikaelewa. Wiki kadhaa nyuma, mashine jirani iliinong'oneza seva yetu ipitie kilimani, nayo ikalishika neno hilo kwenye kumbukumbu. Jedwali lilipobadilishwa, neno lile halikuguswa. Kompyuta ya zahanati ilikuwa imewashwa asubuhi ile ile, haikuwa na kumbukumbu yoyote ya zamani, ikasoma upya jedwali lake, lililotaja mnara wa shuleni. Ndiyo maana sauti yao ilitufikia. Sisi tulikuwa tunajibu kwenye mnara mfu.

"Lakini maneno ya kumbukumbu yana muda wake," nikasema. "Yakizeeka yanatolewa. Mbona hili halikuzeeka?"

"Umetuma mara ya mwisho lini?"

"Sasa hivi."

"Basi ndiyo sababu. Njia ikitumika, kiini kinasema hii bado changa, niiache. Hakikuuliza kama kuna jibu lililorudi. Kila ulipotuma, uliipa uhai."

Kila kelele niliyopiga kumwokoa Somoe ilikuwa inailisha ile njia iliyokuwa inazimeza kelele.

"Futa kumbukumbu yote," Fundi akasema.

Nikasita. Kufuta yote kulimaanisha seva itafute upya njia za zahanati zote kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa mashine kuukuu. "Ikizimia?"

"Ikizimia tutaiwasha. Mdogo wako hatuwezi kumwasha."

Nikafuta. Skrini ikaganda. Feni ya seva ikapiga mluzi, taa zikaacha kupepesa, na kwa muda ule sikusikia mvua wala kitu kingine. Kisha taa moja ikapepesa, na nyingine. Nikakiuliza kiini tena: Mahurunga unapita wapi? Kikajibu: mnara wa shuleni. Nikaandika ujumbe wangu, nikatuma mara moja tu, nikaweka mikono mapajani.

Hakuna jibu.

Fundi Yusufali alivuta kiti akaketi nyuma yangu. Nilisikia punje za tasbihi yake zikigongana. Nililiona lile tela akilini, niliona turubai, niliona maji ya kahawia ya bondeni ambayo rangi yake naijua. Nilitaka sana kutuma tena. Nilishika ukingo wa meza ili mikono isiende.

Kisha skrini ikaandika: "Tumeuona. Tumerudi zahanati. Tunasubiri gari."

Gari lilifika kwa njia ya juu, Somoe akafanyiwa upasuaji mjini, akapata binti. Nilipokwenda kumwona wodini, Nesi Anjela alikuwa bado amekaa naye, viatu vimejaa tope lililokauka. Ndipo nikasikia yaliyotokea upande wa pili.

Walikuwa wameshampakia. Tela lilikuwa limefika mwisho wa kijiji, pale barabara inapoanza kushuka, Somoe akainua kichwa chini ya turubai akamwita dereva.

"Kaka, njia hii umepita lini?"

Dereva akacheka. "Dada, njia hii naijua tangu sijaota meno."

"Sijakuuliza umeijua lini. Nimekuuliza umepita lini."

Yule bwana akapunguza mwendo, akasema, "Juzi."

"Basi nishushe."

Nesi akamjia juu. "Somoe, utazalia njiani wewe!"

"Bora nizalie njiani kuliko majini."

Wakabishana pale mvuani, mgonjwa akishika chuma cha tela kwa mikono miwili, mpaka nesi akakasirika na kuamuru warudi zahanati ajaribu kuwaandikia Mtwara mara ya mwisho. Walipoingia, ujumbe wangu ulikuwa kwenye skrini. Nesi Anjela aliniambia bila kuficha: "Dada, ningekuta hakuna kitu, ningempakia tena. Hata kwa nguvu. Niliona mtoto anakufa mbele yangu."

Nilimsimulia Fundi Yusufali. Alicheka sana aliposikia habari ya dereva na meno yake. Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

"Wewe na mdogo wako mmezaliwa nyumba moja?"

"Ndiyo, Fundi."

"Yeye, na uchungu wote ule, alimwuliza mtu wa trekta swali la kwenu. Wewe umekaa kwenye kiti, una chai mezani, mashine hukuiuliza."

Hakurudia tena maneno yale mpaka alipofariki, na hakuhitaji.

Sasa sikiliza, mwanangu. Viini vya siku hizi vimeandikwa upya, na kumbukumbu ile ya zamani imetolewa katika mifumo mingi. Usifurahi mapema. Mashine yoyote yenye haraka inakumbuka kitu mahali fulani ili isitafute tena, na kila inachokikumbuka kilikuwa kweli siku kilipohifadhiwa. Jua kumbukumbu hiyo iko wapi. Jua inakaa muda gani, na ni nini kinachoifanya ijione bado changa. Ikiwa ni matumizi tu, jihadhari nayo, maana kutumika kwa njia si ushahidi kwamba inafika. Ushahidi ni jibu lililorudi. Ukibadilisha jedwali, usiondoke na mwavuli wako. Kiulize kiini kinapita wapi, kisha subiri sauti kutoka upande wa pili. Na ukijikuta unatuma kitu kile kile kwa hofu, mara ya pili na ya tatu, ondoa mikono mezani. Huenda ni wewe unayelisha kinachokumeza.

Hata watu nao, waulize swali hilo. Atakayekuambia anaijua kazi, anaujua mji, anamjua fulani tangu utotoni, mheshimu, mpe kiti, kisha umwulize amepita lini. Asipokasirika, mfuate.

Binti wa Somoe ni mtu mzima sasa, na mvua zikianza kila mwaka hunipigia kabla ya safari kuniuliza barabara ya kwao ikoje. Humwambia nilichokisikia, na siku niliyokisikia. Hata hivyo huwa silali vizuri mpaka aniambie amefika.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akukinge na taa za kijani zisizo na mtu nyuma yake. Kila utakachokituma kifike, na kila umpendaye akujibu. Na siku utakayosimama mahali usipopajua, mvua inanyesha na moyo unakwenda mbio, Mungu akukutanishe na mtu aliyepita leo.