Siku Zenon Aliposoma Tena Habari za Kapele

Enzi za ruksa, mitumba ilipomwagwa kila kona na karani wa jana akaamka mfanyabiashara, hapakuwa na mtu katika soko la Sumbawanga aliyeuza makoti kwa mdomo kumshinda Zenon. Makoti yenyewe hayakuhitaji mdomo. Baridi ya Ufipa iliyatangaza vya kutosha. Ila Zenon hakujaliwa kunyamaza. Zamani alikuwa karani wa duka la ushirika. Duka lilipofungwa, wenzake walirudi shambani kwenye mahindi na ulezi. Yeye aliteremka hadi bandari ya Kasanga akarudi na robota la vitenge vya Kongo, akatangaza, "Kapele naye angefanya hivi hivi."

Kapele hakuwa ndugu yake. Alikuwa shujaa wa kitabu cha hadithi ambacho Zenon alikisoma utotoni, bwenini kwenye shule ya misheni: kijana wa Kifipa wa zama za misafara ya watumwa, aliyemfuata dada yake aliyetekwa na kufungiwa ngomeni kando ya Ziwa Tanganyika. Tangu aondoke shuleni Zenon hakukiona tena kitabu hicho, na hilo lilimsaidia sana, maana kila mwaka kitabu kilizidi kunenepa. Mamba aliyekuwa mmoja akazaa. Ngome ikaongezwa ghorofa. Kapele, aliyeanza na kisu, kufikia mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa alikuwa na mkuki, upinde na mbwa wawili.

Mkewe Josefina alishazoea. Mumewe akipanda juu ya nyumba kuziba bati linalovuja, atasikia jinsi Kapele alivyopanda ukuta wa ngome kwa kucha. Aliyechoka ni Monika, binti yao wa kidato cha tatu.

"Baba," aliuliza siku moja, "hicho kitabu kipo kweli, au unacho wewe peke yako?"

Swali lile lilimchoma. Hata kibanda chake alikuwa amekipa jina kwa maneno ya kitabu hicho. Mbele kilisomeka kwa rangi nyekundu: UPEPO WA UFIPA. Mteja aliyethubutu kuuliza maana yake alielezwa kwamba Kapele alisimama juu ya ukuta, mishale ikimpita masikioni, akapaza sauti: "Mimi ni upepo wa Ufipa! Nani atanifunga?"

Basi, parokia ikasafisha stoo yake. Zenon alikuwa amekwenda kuomba mbao za kutengenezea meza, akakiona kitabu chake katika lundo la vitu vya kuchomwa, jalada limeliwa, jina la Kapele likionekana kwenye ukurasa wa kwanza. 

"Chukua, mwanangu," paroko akamwambia, "kabla mchwa hawajafika mwisho wa hadithi."

Kilichomshtua kwanza ni wembamba wake. Alikigeuza huku na huku akitafuta sehemu iliyong'oka. Haikuwepo, kurasa zote zilikuwa mahali pake. Akajiambia kwamba vitabu navyo husinyaa, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto.

Mtu mwenye akili zake angekwenda nacho nyumbani akakisoma kwanza. Zenon alikwenda nacho sokoni akatangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, atakisoma hadharani mgahawani kwa Hellena. Wote waliowahi kuguna waje.

Wakaja. Hellena aliongeza chai kwenye sufuria kubwa. Masalu, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma na aliyempelekea Hellena maziwa, alijipatia benchi la mbele na fimbo yake magotini. Josefina alikaa karibu na mlango, kama mtu anayejua huenda akalazimika kuondoka haraka. Monika alikaa ubavuni pa baba yake.

Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Kijiji kikachomwa, dada akachukuliwa, Kapele akaapa. Kisha wakafika mtoni. Zenon aliuona mstari unaofuata kabla ya kuutamka. Uliandikwa: "Kapele alipomwona mamba alirudi kichakani, akangoja mpaka mamba akaondoka."

"Kapele," Zenon akasoma kwa sauti kuu, "alichomoa kisu akajitosa majini!"

"Ehee!" akasema Masalu. "Halafu?"

Halafu Zenon akapigana. Alipigana na mamba wa kwanza, akamshinda. Akaja wa pili, akampanda mgongoni. Jasho lilimtoka. Wa tatu alikuwa akijiandaa kufumbua taya Monika aliposema polepole, lakini si polepole ya kutosha:

"Baba, mbona hufunui ukurasa?"

"Ukurasa huu ni mrefu."

"Na mbona hapa mamba ni mmoja, tena ameshaondoka?"

Benchi zima liliangua kicheko. Hellena akaja na kikombe cha chai. "Mpe mtoto asome, Baba Monika. Wewe pumzika, umepigana vya kutosha."

Monika akasoma kwa sauti tulivu, bila kuongeza hata koma. Wakafika ngomeni. Hapo akaingia mpagazi mmoja wa msafara, mlevi na mwoga, aliyepewa jina la Domokaya. Domokaya alikunywa pombe ya mabwana, akapanda ukutani akiyumbayumba, akapaza sauti: "Mimi ni upepo wa Ufipa! Nani atanifunga?" Kisha akateleza, akaangukia zizi la mbuzi, akafungwa kamba papo hapo.

Masalu aliinamisha kichwa akifikiri, kisha akauliza kwa adabu zote, "Baba Monika, kumbe kile kibanda ni cha Domokaya?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Josefina, aliyevumilia miaka yote ile, alijifunika khanga usoni, mabega yakimtikisika.

"Hiki ni chapa nyingine," Zenon akasema, na mwenyewe akasikia ilivyosikika. Akajitahidi kununa, akashindwa. Safari ile ya Kasanga ilimjia jinsi ilivyokuwa hasa: alivyotapika kila kona ya mteremko akiwaita watakatifu kwa majina, na jinsi robota lilivyobebwa na kijana mmoja wa kijiji cha Wampembe, yeye akimfuata nyuma na mwavuli. Kapele gani huyo? Kicheko kilimpanda, akacheka kuliko wote, kwikwi ikamshika.

Monika aliendelea. Alikuwa akikimbilia mapigano, ndiyo maana sentensi moja aliipitia mbio: "Nyumbani mama yao alisaga ulezi wa watu watatu, na jioni akala peke yake."

"Rudia hapo," Zenon akasema.

"Pa Domokaya?"

"Hapo pa mama."

Akairudia. Zenon hakuikumbuka hata kidogo. Utotoni lazima aliiruka, kama alivyoruka kila mahali pasipo na kisu. Mama yake mwenyewe alikuwa kijijini Mpui, mjane, na tangu mwaka mpya Zenon hajakanyaga kwake. Moshi wa kuni za Hellena siku ile ulikuwa mkali sana. Au ndivyo Zenon alivyoeleza alipokuwa akijifuta macho.

Mwisho wa hadithi Monika aliusoma kwa furaha ya wazi. Dada alikuwa ameshajitorosha mwenyewe kabla Kapele hajafika, wakakutana njiani, na kwa kuwa Kapele alikuwa ameteguka mguu, dada ndiye aliyembeba sehemu ya safari. Wanawake wakapiga vigelegele. Hellena akataka kitabu kingine Jumapili ijayo, kwa sharti moja: msomaji awe Monika, na baba yake anunue chai.

Katikati ya juma Zenon alifunga kibanda, akachagua koti zuri la kike, akapanda lori la Mpui. Mama yake alikuwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama, akalitazama koti. "Wamekufukuza kazi tena?"

"Safari hii najifukuza mwenyewe tu, mama. Nimekuja kula."

Mama akaongeza maji chunguni, akamwonyesha kigoda.