Mkono wa Namba Kumi na Moja

Funs Dohmen alizaliwa mwana wa mchimba makaa ya mawe, na kama migodi ya Limburg, kusini mwa Uholanzi, isingefungwa angekufa mchimba makaa. Ilipofungwa akaenda hospitalini kujifunza kufunga plasta kwenye mifupa iliyovunjika, na kwa miaka ishirini na sita hakufanya kazi nyingine. Kila Jumatano wanafunzi wa udaktari waliteremka chumbani kwake, wakavua saa na pete, wakachovya bandeji kwenye ndoo ya maji vuguvugu na kufungana mikono wao kwa wao. Aliyefungwa ovyo alitembea hivyo hadi chakula cha mchana, wenzake wakimcheka. Kufungua alifungua Funs mwenyewe. Msumeno wake wa kukatia plasta hakumpa mtu.

Mimi nilikuwa karani wa idara ya mafunzo, orofa ya nne. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, mengine nikajisomea maktabani, kwa hiyo nilielewa zaidi kuliko walivyodhani yale waliyoyaanza mwaka 1993. Zamani mkuu wa wodi ndiye aliyesema mwanafunzi afundishwe nini, na ukimpinga ulimpinga usoni. Sasa wakaleta makubaliano ya wataalamu. Watu ishirini, kila mmoja kwake, hawajuani, wanatumiwa orodha ya stadi wazipe alama, moja hadi tisa. Kisha orodha inarudi kwa kila mmoja ikionyesha kundi limetoa alama gani na yeye alitoa gani, naye anaulizwa: unabaki au unabadilika? Stadi ikipewa saba au zaidi na watu kumi na watano katika duru ya pili, inabaki kwenye mtaala. Isipofika, inatupwa. Hakuna jina, namba tu. Daftari la majina lilikaa kwenye droo yangu.

Duru ya kwanza, kufunga plasta kulipata watu kumi na watano. Funs aliniletea kipande cha vlaai ya cheri, ile keki ya matunda ya kwetu.

"Wakibaki hapohapo," alisema, "nitastaafu nikimwachia mtu chumba chenye wanafunzi. Sitaki kingine."

Duru ya pili, kumi na wanne. Mmoja tu ndiye aliyeshuka, kutoka nane hadi tatu: namba kumi na moja. Aliandika pembeni: "Hii ni kazi ya mafundi. Daktari ana mambo ya maana zaidi."

Nilikuwa nimeapa kutolifungua lile daftari. Nikalifungua. Profesa Roelof Tjaden, aliyejifunza katika chumba kilekile, na ambaye mbele za watu alimwita Funs mwalimu wake. Nikateremka ngazi nikamwambia Funs. Sijutii hata leo.

"Roelof?" aliuliza, akikausha ndoo.

"Roelof."

"Basi kaa kimya. Huyo niachie mimi."

Walimuaga Funs Ijumaa moja ya Juni, saa tisa mchana, chumbani kwake, madaktari kumi na watatu na kahawa. Tjaden alihutubia, akaisifu mikono ya mzee hadi machozi yakamlengalenga.

"Asante, Profesa," Funs alisema. "Hebu nikufunge mara ya mwisho, watu waone."

Makofi. Tjaden akakunja shati huku akicheka. "Mkono upi, mzee?"

"Unaoandikia."

Alimfunga kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, polepole, plasta laini kama yai. Ikapata joto, ikakauka. Funs akanawa, akavaa koti.

"We mzee, hujanifungua!"

"Mimi fundi tu, bwana namba kumi na moja, na nimeshastaafu. Hapa mna madaktari kumi na watatu. Msumeno ule pale ukutani."

Tjaden alinigeukia mimi. Nilikuwa nakula vlaai. Funs alikwishapanda baiskeli yake.

Daktari mmoja aliwasha msumeno, ukanguruma, Tjaden akauvuta mkono. "Zima hicho! Umewahi kukata wewe?"

"Tulifundishwa kufunga, Profesa. Kukata alikuwa anakata Funs."

Kulikuwa na hospitali nyingine umbali wa nusu saa, lakini angejieleza vipi kule? Jioni alimpigia Funs simu. Nilikuwa nimekwenda kwake, na mimi ndiye niliyepokea.

"Anaomba umfungue," nilisema.

Funs hakuinuka kitini. "Muulize: anabaki au anabadilika?"

Nikamuuliza. Alikata simu. Alikaa na plasta yake hadi Jumatatu, na siku hiyohiyo mimi nikafukuzwa kazi.