Namba ya Jeshi ya Baba Wafula

Juzi nilikuwa Bungoma, kwenye ofisi inayotuandikisha sisi tuliostaafu jeshini, pamoja na jamaa zetu, tupate kadi za matibabu. Mbele yangu alisimama mzee mmoja, wima kama yuko gwarideni, mkewe kando yake.

“Jina la bibi?” karani akauliza.

“Mama Wafula.”

“Mzee, Wafula si ni mtoto? Nataka jina la kitambulisho.”

Mzee akakuna kidevu. “Si ndiye huyu hapa, bana? Miaka yote namwita hivyo.”

Mama akataja majina yake mwenyewe, polepole.

“Haya. Namba yako ya jeshi?”

Askari hata ukimwamsha usingizini ataitaja. Mzee akaanza, akakwama, akamgeukia mkewe. Mama akaitaja yote bila kutazama karatasi, mpaka karani akaweka kalamu chini.

“Nilikuwa naiandika kwa kila barua,” Mama akamwambia karani. “Bila hiyo haingemfikia.”

Fomu inasema mama ndiye mtegemezi wa mzee. Sikucheka. Nilitoka kwenye foleni, nikampigia mke wangu simu kumuuliza jina lake la tatu.