Siku Ishirini na Moja za Kujibu Madai

Mzee aliyeniletea wito wa mahakama alinikuta darasani nikisahihisha daftari za hisabati. Alisubiri wanafunzi watoke kwenda mapumzikoni, ndipo akaingia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama mwalimu aliyeandikwa kwenye karatasi zake ndiye mimi. Nilipokubali alinionyesha mahali pa kusaini kwamba nimepokea. Saini niliyoweka haikufanana na yangu.

"Usiogope, mayu," alisema kwa upole, akiniita kama tunavyowaita mama zetu huku kwetu. "Karatasi haimfungi mtu. Ila usikae nayo."

Nilikaa nayo siku kumi na moja.

Wito ulisema nadaiwa shilingi milioni nne na laki mbili, na kwamba nina siku ishirini na moja za kuwasilisha majibu kwa maandishi katika mahakama ya wilaya mjini Tabora. Nisipojibu, shauri lingesikilizwa upande mmoja. Niliusoma nikiwa chooni shuleni, mlango nimeubana kwa mguu. Nilichokiona mimi hakikuandikwa pale: niliona askari wakinitoa darasani, barua ya kufukuzwa kazi, na mume wangu akisimama mbele ya ndugu zake hana la kusema.

Deni lenyewe nilikuwa nalo, siwezi kukana. Mama yangu alipatikana na uvimbe tumboni, akapelekwa Mwanza kupasuliwa. Hela zilihitajika wiki ileile. Mwalimu mwenzangu wa zamani aliniambia kuna mama mmoja mjini Tabora anakopesha watumishi bila maswali mengi. Nilikopa milioni moja na nusu. Sharti lake lilikuwa kumwachia kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyekwenda kwenye mashine, akatoa mshahara wangu wote, akakata chake, kisha akanitumia kilichobaki kwa simu. Mume wangu, ambaye analima mpunga, nilimwambia kaka zangu wamelipia matibabu, na kwamba benki wananikata mkopo wa watumishi. Aliniamini.

Mama alipona. Makubaliano yalikuwa miezi minane. Mwezi wa tisa yule mkopeshaji alikata, wa kumi akakata, na kila nikimpigia alitaja faini ambayo sikuwahi kuisikia. Mwezi wa kumi na nne alinitumia elfu thelathini, tukiwa na watoto watatu nyumbani. Nilipanda basi hadi benki, nikasema kadi yangu imepotea, nikapewa mpya. Kwa wiki mbili nilijiona mjanja. Halafu ndipo yule mzee akaja.

Wito niliuficha ndani ya gunia la mchele, nikiwa nimeufunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilifundisha, nilipika, nilikwenda kanisani, na muda wote mikono ilikuwa ya baridi. Pikipiki ikisimama njiani, hapa kijijini kwetu Puge, nilikuwa naacha nilichoshika na kusikiliza. Usiku sikuwa nalala, mchana nilikuwa nasahau majina ya watoto niliowafundisha tangu Januari. Siku za kujibu zilikuwa zinakwisha na mimi nilikuwa najiambia kwamba labda wakiona kimya watachoka.

Siku ya kumi na moja mume wangu aliingia ndani kupima mchele wa mteja. Nilikuwa uani nafua. Nilipoona amechelewa kutoka, nilijua.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia, karatasi magotini, anasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maji ya sabuni yakinichuruzika mikononi. Nilitegemea apige kelele. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu kama hizo ndizo hela zilizomtibu mama. Nikasema ndiyo.

"Na mimi nimekuwa nikiwashukuru kaka zako," alisema.

Kisha akahesabu kwa vidole. "Zimebaki siku kumi. Kesho omba ruhusa, tunakwenda Tabora."

Mjini tulielekezwa kwa mama mmoja msaidizi wa kisheria, anayewasaidia bure wasio na uwezo wa wakili. Aliusoma wito mara mbili, akaanza kuuliza. Mkataba uko wapi? Sikupewa nakala. Risiti? Sikuwahi kupewa. Nani alishuhudia? Hakuna. Kila jibu lilikuwa linanizamisha. Mwisho nililia, na yeye akaendelea kuandika mpaka nilipomaliza.

Akaniagiza nikachukue benki taarifa ya akaunti ya miezi yote kumi na minne. Ilitoka kurasa nyingi. Alipozipitia, akaweka kalamu kwenye mstari mmoja: mshahara wote umetolewa kwenye mashine ya Tabora mjini, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Akauliza saa nne siku hiyo nilikuwa wapi. Nikasema darasani.

"Nani anaweza kusema hivyo zaidi yako?"

Nilielewa alichotaka. Daftari la mahudhurio la walimu linakaa kwa mwalimu mkuu. Ili nipate nakala ilinibidi nimweleze yeye, mtu ambaye nilimwogopa kuliko hakimu, maana ndiye angeweza kuandika barua wilayani.

Kesho yake niliingia ofisini kwake nikiwa nimefunga, si kwa ibada, bali chakula kilikataa kushuka. Nilizungumza nikitazama meza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka akafunga mlango, akakaa tena, akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "kadi yangu mimi iko kwake mwaka wa tatu."

Alilitoa daftari kabatini, tukatoa nakala za kurasa zote zilizohitajika, na akagonga muhuri wa shule juu ya kila moja.

Majibu yangu yaliwasilishwa siku ya kumi na tisa. Niliandika kwamba nilikopa, kwamba nimelipa, na kwamba mdai mwenyewe ndiye aliyekuwa akijilipa kwa kadi yangu. Karani alipogonga muhuri wa kupokea nilidhani hofu ingepungua. Haikupungua. Sasa nilikuwa nimeitia saini.

Shauri liliahirishwa mara mbili, na kila tarehe nilisafiri nikiwa na shuka na mswaki kwenye mkoba, nikiamini huenda nisirudi. Siku ya kusikilizwa yule mama mkopeshaji alikuja na wakili, amevaa vizuri, akanisalimia kama jirani. Nilipoulizwa jina langu sauti haikutoka mara ya kwanza. Hakimu aliagiza niletewe maji.

Zamu ya yule mama ilipofika, alisema sijalipa hata nusu. Hakimu alikuwa na kurasa za benki mbele yake na nakala za daftari pembeni. Alimuuliza swali moja kwa sauti ya kawaida: "Kadi ya mwalimu ilikuwa kwa nani miezi hiyo yote?"

"Alinipa mwenyewe, kwa hiari yake," alijibu. Wakili wake aliinamisha kichwa.

Wiki kadhaa baadaye hukumu ilisomwa. Hakimu alisema mkopo na riba tuliyokubaliana vilikwisha kulipwa kabla hata sijabadilisha kadi, madai yakatupwa. Msaidizi wa kisheria alitueleza nje, chini ya kibaraza cha mahakama, kwamba kilichokatwa zaidi naweza kukidai. Na safari hii mdaiwa atakuwa yule mama.

Mume wangu alitaka tufungue shauri siku hiyohiyo. Alisema hela ile ni yetu na ni nyingi. Alikuwa sahihi. Nilikataa. Sikukataa kwa huruma, na sitaki mtu adhani nilimsamehe. Nilikataa kwa sababu sikuweza kufikiria kusimama tena mle ndani na kutaja jina langu. Alinitazama, akachukua mkoba wangu, tukaenda stendi kutafuta gari la Nzega litakalotushusha Puge.